Nyuso Katika Vizibo

Ko. Ko. Ko.

Fimbo ya Mzee Irungu ilisikika ikigonga sakafu ya simiti kabla mwenyewe hajatokeza, na Wahu, mke wa mwanawe, akapata nafasi ya kuvuta leso na kufunika meza. Chini ya leso kulikuwa na makasi, kopo la gundi, vizibo vya soda alivyookota kwenye kibanda cha jirani, na picha za ukoo mzima wa mumewe.

"Unakata nini?" mzee aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Kitambaa, Baba."

"Kitambaa hakilii hivyo."

Wahu alicheka kicheko cha mtu aliyeshikwa. Macho ya mzee yalikuwa yamechoka, na akili yake siku hizi iliingia na kutoka kama mpangaji asiye na ufunguo, lakini masikio yake yalikuwa bado ya kijana. Alisimama pale, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi, akiitazama leso kana kwamba kulikuwa na kitu kinapumua chini yake. Kisha akasahau.

"Mama, ng'ombe wamekamuliwa?"

"Wamekamuliwa, Baba. Kaa nikuletee chai."

Hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na vyumba vitatu vya mabati mtaani Langas, mjini Eldoret, ua usiotosha hata kuku kukimbizana, na geti la kufungwa kwa waya. Mama! Alimwita hivyo tangu Agosti, kama mtu anavyomwita mwuza nyanya asiyemjua jina. Zamani alimwita Wahu. Zamani, miaka ile Wahu alipokaa bila mtoto na watu wa mumewe wakaanza kunong'ona, ni mzee huyu aliyesimama mbele ya meza ya chakula akasema, "Huyu ni mtoto wangu. Anayetaka aondoke, aanze kuondoka yeye." Midomo yote ikafumbwa. Wahu hakuwa amesahau hata neno moja la siku ile. Sasa mzee ndiye aliyesahau, na zamu ya kusimama ilikuwa yake.

Simu ililia kabla chai haijachemka. Ilikuwa Wanja, binti wa mzee, kutoka Nairobi.

"Mama Waiyego, naja kesho na gari."

"Karibu sana, Wanja. Tutafurahi."

"Siji kukaribishwa. Naja kumwona Baba. Nikimpata vile nilimwacha Agosti, hanijui hata jina, Krismasi ikiisha naondoka naye. Chumba kiko tayari, na mlango una kufuli."

"Gorofa ya nne, Wanja? Mtu aliyelima maisha yake yote, umfungie gorofa ya nne?"

"Gorofa ya nne hakupiti malori. Wewe umempoteza mara ngapi mwaka huu?"

"Alipatikana."

"Alipatikana," Wanja akamwiga, akiivuta sauti puani. Kisha sauti ikashuka. "Sikiza. Mimi si mtu mbaya. Akitutambua Krismasi hii, akitutaja hata majina tu, nitajua bado yuko nyumbani na sitamgusa. Asipotutambua, usinililie. Mwambie Thuo hivyo."

Thuo, mumewe, hangeambiwa kitu. Alikuwa Malaba na lori la watu aliloajiriwa kuendesha, kwenye foleni ya mpakani, na simu yake ilikuwa imekufa tangu juzi.

Kwa hiyo Wahu aliirudia meza yake. Mambo haya ya vizibo aliyaona kanisani, kwa kina mama: uso wa mtu unakatwa mviringo, unabandikwa ndani ya kizibo cha soda, kizibo kinatundikwa kwenye mti wa Krismasi kwa uzi mwekundu wa sweta. Wale kina mama walikuwa wametolewa nakala studio. Wahu hakuwa na nakala. Alikuwa na albamu, na alijiambia kwamba picha ni kitu cha kutazamwa, na ikining'inia sebuleni itatazamwa kuliko ikilala chini ya kitanda. Mzee angeamka na kuwaona watu wake kila asubuhi, wakizunguka mbele ya macho yake, mpaka majina yarudi yenyewe. Na nyuso zilienea kwenye vizibo kana kwamba zilipimwa.

Alimkata Thuo akiwa na sare ya shule. Akamkata Wanja na kofia ya kuhitimu. Akajikata mwenyewe siku ya harusi. Akamkata binti yake, Waiyego, siku ya ubatizo. Alimkata mzee mwenyewe katika kila picha aliyokuwamo, amevaa koti lile lile la kahawia, ili achague uso uliotoka vizuri zaidi. Wa mwisho alikuwa mkewe mzee, Waiyego mkubwa, ambaye mjukuu alipewa jina lake. Picha yake ilikuwa moja tu duniani. Amesimama mbele ya boma lao la Burnt Forest, ameshika kamba ya ndama.

Makasi yalisita. Siku zile za vurugu na moto baada ya uchaguzi, mwaka wa elfu mbili na nane, mzee alitoka nyumbani na albamu hii chini ya koti, na Waiyego akarudi ndani ya boma kumfungulia ndama. Ndilo jambo lote lililowahi kusemwa humu nyumbani juu ya siku ile. Kaburi halikuwapo, kwa sababu mzee hakupata cha kuzika.

Wahu alikata taratibu, akifuata kitambaa cha kichwa. Katika albamu alibaki ndama, ikabaki kamba, ukabaki mkono, na juu ya mabega likabaki tundu la mviringo, safi kabisa.

*

Asubuhi mti ulikuwa tayari: tawi la msipresi lililokatwa kwenye ua wa jirani, limesimikwa kwenye debe la rangi, limenyunyiziwa pamba. Nyuso zilizunguka polepole kwenye nyuzi nyekundu. Waiyego mdogo, mwenye miaka kumi, alimshika babu yake mkono akamsogeza.

"Guka, huyu ni nani?"

Mzee alicheka. "Mwoneni mke wangu. Ameamka na mtihani."

"Usitoroke. Huyu ni nani?"

"Huyu… ngoja. Huyu amekula chumvi yangu." Alikikamata kizibo kwa vidole viwili. Ilikuwa sura ya Thuo. Midomo ya mzee ilianza kuumba kitu, na Wahu aliyekuwa na kikombe cha uji mkononi akasogea asikie.

Hapo ndipo jicho la mzee lilipoangukia albamu. Ilikuwa kwenye kochi. Wahu alikuwa ameitoa chini ya kitanda akitafuta uso mmoja uliodondoka, akasahau kuirudisha. Mzee aliijua kwa mkono kabla ya kuijua kwa macho. Akaketi, akaifungua mapajani. Kidole chake kilipita katikati ya tundu, kikatokea upande wa pili. Akafungua ukurasa. Tundu. Akafungua mwingine.

"Nani amewakata?"

"Ni mimi, Baba. Ni urembo wa Krismasi. Tazama, vichwa vyao si vile pale kwenye mti?"

Alilisema kwa furaha. Baadaye sentensi hiyo ingemrudia tena na tena, kila mara ikiwa na furaha ile ile.

Mzee aliutazama mti kwa muda mrefu. Akaifunga albamu taratibu, kama mtu anavyomfumba maiti macho.

"Uji umepoa," alisema.

Wahu alidhani limepita. Mambo mengi yalipita siku hizi. Akamwekea uji wa moto, akachukua gunia la mahindi, akaenda na mtoto kwenye mashine ya kusaga, ambako mtaa mzima ulikuwa umepanga foleni kwa ajili ya sikukuu. Alipotoka alifunga geti kwa waya, akauzungusha mara tatu.

Waliporudi, waya ulikuwa umefunguliwa, ukakunjwa vizuri, ukatundikwa juu ya nguzo, vile mkulima anavyoweka waya wake. Ndani, pamba ilikuwa sakafuni. Mti ulikuwa mtupu. Hakukuwa na uso hata mmoja, wala vile vipande vya ziada vilivyobaki mezani.

*

"Mama Waiyego, panda," alisema Wakoli, jirani yao mwendesha boda, akiwasha pikipiki. "Mzee ana miguu mitatu lakini hana gia. Tutampata hapo mbele."

Mtoto akaachwa kwa mke wa Wakoli. Hawakumpata mzee hapo mbele. Hawakumpata sokoni, wala kanisani, wala kwenye kituo cha magari ya Nakuru, ambako makanga mmoja alimuuliza Wahu kama amejaribu baa. Kila aliyeulizwa alirudisha swali lile lile: yukoje? Wahu alisema koti la kahawia, kofia ya sufi, fimbo. Mjini Eldoret, siku ya kuamkia Krismasi, nusu ya wazee wote walikuwa na koti la kahawia, kofia ya sufi na fimbo.

Katika kituo cha polisi askari wa kaunta alikuwa akimenya chungwa.

"Jina?"

"Irungu, afande."

"Kitambulisho chake?"

"Kiko kwa binti yake Nairobi."

"Basi picha."

Wahu aliweka albamu juu ya kaunta. Aliibeba bila kufikiri. Hata Wakoli hakuwa ameuliza ndani kuna nini. Askari alipangusa vidole, akafungua, akafungua tena, akamtazama usoni.

"Mama, hii ni nini?"

"Nilizikata, afande. Ni za mti wa Krismasi."

"Zote?"

"Zote alizokuwamo. Sasa amezichukua, ameenda nazo."

Askari akageuka nyuma. "Kuja uone. Mama ameleta mzee hana kichwa." Mwenzake akaja na kikombe chake cha chai. Wakainama wote wawili juu ya picha, na yule wa pili akatingisha kichwa.

"Sasa tutatangaza aje? Tunatafuta koti?"

"Ndilo hilo koti amevaa," Wahu alisema.

Hakusema kwa mzaha. Alilionyesha kabisa kwa kidole, koti lililosimama bila mtu juu yake. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka, kisha wakauona uso wake wakaacha.

"Mama, hakuna hata ya simu?" askari aliuliza, sasa kwa upole, na upole huo ukauma kuliko kicheko.

Simu ya Wahu ilikuwa ya vibonyezo. Ukiacha kitambulisho kilichobaki Nairobi, uso mmoja tu mzima wa Irungu ulikuwa umesalia, na ulikuwa kwenye simu ya Wanja.

Alitoka nje kupiga.

"Ndiyo napita Nakuru," Wanja alisema. "Mbona unahema?"

"Baba hayupo."

Ilisikika sauti ya gari likisimamishwa kando ya barabara. "Tangu lini?"

"Asubuhi. Polisi wanataka picha. Tuma kwa namba ya jirani, nitakupa."

"Picha? Si mko na albamu nzima?"

"Nilikata nyuso, Wanja. Nilitaka zining'inie kwenye mti, azione. Nilitaka akujue ukifika."

Wanja alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Waiyego mdogo azaliwe.

"Wahu. Ulimkata Mama?"

"Ndiyo."

Simu ikakatwa. Wahu alisimama ukutani, albamu imekumbatiwa kifuani, mpaka simu ya Wakoli ilipotoa mlio. Picha ilikuwa imetumwa bila neno hata moja: mzee akicheka jikoni kwake, masizi kwenye paji la uso.

"Mimi nairusha kwa vijana wote wa boda," Wakoli alisema. "Kutoka hapa mpaka Burnt Forest kuna jicho kila kona. Serikali imalizie chungwa lake."

*

Jibu lilikuja jua likiwa limeinama. Mzee alikuwa kando ya barabara ya Nakuru, mbele kidogo ya Ngeria, kwa mkulima aitwaye Kipyego. Lori la mahindi lilikuwa limempakia pembeni ya mji, na alipoona boma lenye ndama akagonga bodi kwa fimbo, akasema amefika.

Kipyego aliwapokea barabarani. Nyuma yake mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai pana.

"Karibu, mama. Huyu ni wenu?"

"Ni wetu."

"Nimempa maziwa, amekataa. Nimempa kiti, amekataa. Anataka jembe tu. Nikamuuliza, Mzee, jembe la nini siku kama ya leo? Akasema ana watu wa kuzika na anaona jua linaenda." Kipyego alishusha sauti. "Niliogopa kumpa, na niliogopa kumnyima. Nikamwambia jembe liko kwa jirani, tungoje."

Mzee Irungu alikuwa amepiga magoti mwisho wa turubai. Ametandika gunia, na juu ya gunia amevipanga vizibo safu moja, nyuso zikitazama juu. Kando yake, kwa ncha ya fimbo, alikuwa ameanza shimo lisilotosha hata kupanda mbegu.

Wahu alipiga magoti upande wa pili.

"Baba."

"Habari yako, mama. Umekuja mazishi?"

"Nimekuja."

"Peke yako? Watu wamekuwa wachache siku hizi." Akaokota kizibo cha kwanza, akakipangusa kwa mkono wa koti. "Huyu ni Thuo. Bidii alikuwa nayo, maneno ndiyo hakuwa nayo."

Gari lilifunga breki barabarani. Wanja, aliyepigiwa simu na Wakoli, alishuka, akaacha mlango wazi, akaja mbio na viatu vya mjini akikanyaga mahindi ya watu. Aliposikia sauti ya baba yake, akasimama.

"Huyu ni Wanja, kitinda mimba wangu. Mvua ikipiga mabati alikuwa analia, namwekea pamba masikioni."

"Baba," Wanja alisema, mkono mdomoni. "Baba, ni mimi. Nimekuja."

Mzee alimwinulia uso wa adabu. "Pole, mama. Mlijuana?"

Mzee aliendelea, akitaja bila kukwama, majina yote yale yaliyokataa kuja tangu Agosti. Alimtaja Waiyego mdogo na ubatizo wake. Akaokota bibi harusi.

"Huyu ni Wahu. Huyu sikumzaa, lakini ukiniuliza mtoto wangu ni nani, nitakuonyesha huyu." Akakigeuza kizibo kwenye mwanga. "Walimkatia nini? Siku zile za moto hata hakuwa amefika kwetu."

Waiyego mkubwa aliokotwa, akashikwa muda mrefu, akalazwa tena mahali pake bila neno. Kikabaki kizibo kimoja, cha mzee mwenye kofia ya sufi. Irungu alikigeuza huku na huku.

"Huyu simjui. Sijui ameingiaje kwa watu wangu. Lakini siwezi kumwacha nje."

"Umesikia mwenyewe," Wanja alisema. "Namchukua. Sio baada ya Krismasi. Leo."

"Ulisema akitutaja majina—"

"Ametutaja kama maiti, Wahu!" Akainama akamshika baba yake kwapani. "Baba, twende garini."

"Siondoki na watu wakiwa nje." Mzee alikamata gunia kwa mikono yote miwili. Wanja akavuta. Mzee akaburutika kidogo, goti likachora mstari kwenye mahindi, kofia ikamwanguka, na upara wake ukaonekana, mdogo kuliko walivyoukumbuka. Kipyego aligeukia barabara. Wakoli, aliyekuwa na utani kwa kila jambo, alitazama viatu vyake.

Wanja alimwachilia. Alikuwa analia waziwazi.

"Mwambie wewe. Wewe anakusikia."

Wahu alielewa alichoombwa. Akinyamaza, giza litamkuta mzee huyu kando ya barabara ya malori. Akisema, mzee atasimama, ataingia kwenye gari lile, na gari lile lina safari yake. Wa kumpakia atakuwa yeye.

Aliokota kofia, akamvalisha, akaishusha hadi kwenye nyusi vile alivyopenda.

"Usiwazike, Baba. Hawa hawajafa. Ni mimi niliyewakata."

"Wewe?" Mzee aliitazama mikono ya Wahu, sio uso. "Kwa nini?"

"Nilitaka wasisahaulike."

"Na mtu bila kichwa ndiye anayekumbukwa?"

Upepo ulipita juu ya mahindi. Mzee aliitazama ile albamu kifuani mwa Wahu, akaitambua, na kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake ikalegea.

"Utawarudisha?"

"Nitawarudisha."

"Usiniambie mimi. Mimi husahau. Sema kwa sauti, wasikie wenyewe."

Basi Wahu akakunjua leso mapajani, akapokea kizibo kimoja kimoja kutoka mkononi mwake, na akasema kwa sauti, mbele ya Wanja, mbele ya Wakoli, mbele ya Kipyego na mahindi yake. Nitamrudisha Thuo kwenye sare yake. Nitamrudisha Wanja kwenye joho lake. Nitamrudisha Waiyego mtoto kwenye ubatizo wake. Nitajirudisha mimi kwenye harusi yangu. Nitamrudisha Waiyego mama yetu mlangoni kwake, na kamba yake, na ndama wake.

Mzee aliitikia kwa kichwa kila jina. Kisha akasimama, akiegemea bega la Wahu, akageukia gari lililokuwa limeachwa wazi. Hatua ya kwanza, akasita. Kizibo kimoja kilikuwa bado kwenye kiganja chake.

"Na huyu mgeni?"

Wahu alikichukua. Hakumtazama mzee aliposema. Alimtazama Wanja aliyekuwa ameshika mlango wa gari.

"Huyu si mgeni, Baba. Huyu ni Irungu wa Langas. Wakimpeleka gorofani nitapanda ngazi, wakimfungia nitagonga mpaka wafungue, na nitamrudisha kwake. Nakuahidi. Nimesema, na wote wamesikia."